Mchoraji wa Lubumbashi: Picha za Riziki na Picha za Moyo

Karibu kila mwaka, tukifika kwenye mada ya nafasi ya msanii katika jamii, hatukosi mwanafunzi wa kuuliza swali lile lile: msanii akishaanza kuuza kazi yake, je, bado anaifanya kwa ajili ya nafsi yake? Swali hilo si la vitabuni tu. Wamo darasani wanaolipwa kutunga mashairi ya harusi, na wamo wanaoandika tenzi usiku ambazo hawamwonyeshi mtu. Makala haya hayakusudii kulijibu kwa nadharia. Yanakusudia kumweleza msomaji habari za mtu mmoja aliyeishi na swali hilo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Kwa kuwa aliieleza kazi yake kwa Kiswahili, sisi walimu wa lugha hii tuna sababu ya kumfahamu kuliko tunavyomfahamu sasa.

Lubumbashi, zamani Elisabethville, ni mji uliokua kwa shaba. Uchoraji wa kulipwa haukuanza hapo na Tshibumba. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya sanaa mjini, na humo wakachora Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Wao walipewa vifaa na nafasi ya kuchora bila kutembeza picha barabarani. Desfossés hakutaka waige wachoraji wa Ulaya, akamwacha kila mmoja atafute njia yake. Bela alitumia ncha za vidole badala ya brashi. Hata hivyo, wanunuzi wao walikuwa Wazungu hasa, na mlezi wao alipofariki mwaka 1954 karakana haikudumu.

Kizazi cha Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947, hakikuwa na mlezi wa namna hiyo. Wachoraji wengi wa miaka ya 1960 na 1970 walijifunza wenyewe au kwa wenzao, wakachora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kisha wakatembeza picha nyumba kwa nyumba. Wateja wao walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu na wenye maduka, yaani watu wa mji wenyewe, waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Na walijua wanachotaka. Mmoja alitaka mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ambaye inasemekana humtajirisha anayefanya naye mapatano. Mwingine alitaka kijiji cha bankambo, yaani mababu. Mwingine alitaka picha iitwayo Colonie belge: bendera, ofisa wa kizungu, askari mwenye kiboko, na mfungwa amelazwa chini akichapwa.

Mchoraji aliirudia picha ileile mara nyingi kadiri wateja walivyoihitaji. Hapa ndipo wasomi wengi hukunja uso, wakidhani kwamba kinachorudiwa hakina moyo. Mimi sikubaliani nao. Wenyeji waliziita picha hizo ukumbusho, na neno hilo tulipime vizuri. Picha ya kiboko ukutani haikuwa pambo. Mgeni aliitazama, mwenye nyumba akaanza kusimulia yaliyompata baba yake, na watoto wakasikia. Fundi aliyeirudia mara hamsini alifanya kazi ya riziki, lakini pia aliipa familia hamsini sababu ya kukumbuka.

Tshibumba naye aliishi kwa picha za aina hizo, akichora Colonie belge tena na tena. Ila alikuwa na jambo jingine moyoni. Alijiita mwanahistoria. Alitaka kuichora historia yote ya nchi yake, tangu kabla ya Wareno hadi utawala wa Mobutu, na hata mambo ambayo bado hayajatokea. Lakini nani angenunua kazi kama hiyo? Karani anayetaka picha moja ya sebuleni hawezi kununua historia nzima, na mtu anayenunua unga kwa fedha ya picha hawezi kukaa miezi akichora isiyo na mteja.

Mteja alipatikana. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini humo, alikuwa akinunua na kuchunguza picha za wachoraji wa mtaani. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba alimletea historia ile mafungu kwa mafungu, picha 101 kwa jumla, akamsimulia kila moja huku kinasa sauti kikizunguka. Katika kifo cha Lumumba, aliyeuawa pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Hakuna mteja aliyemwagiza misalaba hiyo. Ni mawazo yake, na mawazo ni neno alilolipa uzito mkubwa katika mazungumzo yale.

Kwa hiyo kazi ya moyo nayo ilinunuliwa. Bila fedha ya Fabian tungeikosa. Lakini bei yake haikuwa fedha peke yake. Picha ya kiboko ilibaki Lubumbashi, mbele ya watu waliojua uchungu wake. Historia ya picha 101 iliondoka na mnunuzi, na mwaka 2000 ikaingia mikononi mwa Tropenmuseum, Amsterdam, kama makumbusho hayo yalivyoitwa wakati huo. Yule aliyetaka kuwakumbusha wananchi wenzake akajulikana zaidi ughaibuni, hasa baada ya Fabian kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe hakukiona, kwa kadiri ijulikanavyo. Baada ya mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka, maisha ya mji yakawa magumu, wateja wa sebuleni wakapungua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake.

Yamebaki mazungumzo. Yaliandikwa kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha Katanga (wakati huo jimbo likiitwa Shaba), Kifaransa kikiingia na kutoka, na upatanisho wa kisarufi usiofuata vitabu vyetu. Mimi huwapa wanafunzi wa mwaka wa pili ukurasa mmoja wa mazungumzo hayo. Kwanza hucheka. Kalamu nyekundu hutoka, ngeli zikasahihishwa, na ninawaacha wamalize. Kisha nawaomba waniandikie, kwa Kiswahili chao sanifu, maelezo ya picha moja tu ya Tshibumba, wakiyasema yote aliyoyasema yeye na bila kupoteza hata wazo moja. Dakika arobaini hazijawahi kutosha.