Asili na Maana za Neno "-kakamavu"

Mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake: "Maiti ilikuwa imekakamaa." Mwalimu wake akalipigia neno hilo mstari mwekundu, kwa hoja kwamba ukakamavu ni sifa ya askari na viongozi, wala si ya maiti. Sisi twaona kwamba mwanafunzi huyo alionewa.

Kitenzi kukakamaa ndicho mzazi wa sifa hii, nacho chahusu mwili kwanza: kukauka na kuwa gumu, kama ngozi iliyoanikwa juani, au viungo vya mtu aliyepigwa na baridi kali. Kutoka mwilini maana ikapanda hadi kwenye tabia. Asiyepindika viungo akawa mfano wa asiyepindika moyo. Ndiyo maana kukakamaa kwaweza kuwa lawama, yaani kushikilia jambo kwa ukaidi, ilhali mkakamavu ni mtu wa kusifiwa: mwenye nguvu, mwepesi wa kazi, asiyeogopa tabu.

Tuliangalie na umbo. Kiswahili kilidondosha l nyingi zilizokuwa kati ya irabu mbili, lakini hazikufa kabisa. Twaziona zikirudi katika zaa na zaliwa, kaa na kalia. Mbele ya kiambishi tamati cha kale -u, l hiyo iligeuka v. Hivyo shupaa ikatoa shupavu, na kakamaa ikatoa kakamavu. Wenzetu wa Uganda wanalo jambo hili vinywani mwao: Kiganda chasema okukakanyala, kuwa mgumu, na sifa yake ni -kakanyavu, isemwayo hata juu ya moyo usiosikia. Hatudai kwamba neno moja lilizaa jingine. Twasema tu kuwa ujenzi ni ule ule.

Neno letu, basi, ni la Kibantu, tofauti na jirani zake thabiti, shujaa, jasiri na madhubuti, yaliyotoka katika Kiarabu. Tofauti hii ina uzito darasani. Thabiti halichukui kiambishi cha ngeli: vijana thabiti. Kakamavu hulichukua: vijana wakakamavu, moyo mkakamavu. Wasemao "vijana kakamavu", nao si wachache, tunadhani wamepotoshwa na ngeli ya N, ambako mbele ya k hakisikiki kiambishi chochote: sauti kakamavu, hatua kakamavu. Sikio likazoea, likaliweka neno katika kundi la akina thabiti. Hilo ndilo kosa ambalo sisi tungelipigia mstari.