Hongo ya Njia ya Ujiji

Mwezi wa Novemba, 1857, msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, uliwasili Kazeh, karibu na Tabora ya leo; na katika Februari, 1858, ukafika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika. Njia waliyoifuata haikuwa yao. Ilikwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga.

Mwaka uliofuata, 1859, huko London, John Tyndall alianza kupima jinsi hewa mbalimbali zinavyozuia joto. Alithibitisha kwamba hewa ya ukaa, ile itokayo katika vitu vingi vinavyoungua, hulizuia joto la ardhi lisipotee angani. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba hewa hiyo ikizidi, dunia nzima itapata joto. Mwezi wa Machi, 1958, miaka mia moja baada ya msafara ule kufika Ujiji, Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Aliikuta karibu sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420.

Katika Bahari ya Aktiki matokeo yake yanaonekana kwa macho. Barafu ya bahari imepimwa kwa setilaiti tangu 1979, na Septemba, 2012, ilibaki kilomita za mraba milioni 3.4 tu, zaidi kidogo ya nusu ya wastani wa mwezi huo kati ya 1981 na 2010. Barafu nyeupe huyarudisha mawinguni mwanga wa jua. Bahari nyeusi huumeza. Kwa hiyo joto hupunguza barafu, na upungufu wa barafu huzidisha joto.

Wako wasemao kwamba dunia haikuacha kubadilika tangu zamani, na Tanganyika lenyewe ni shahidi wao. Cameron alipoufikia mto Lukuga mwaka 1874 alisema kuwa ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Stanley, mwaka 1876, aliukuta umezibwa kwa matope na mafunjo. Hore, mwaka 1879, aliukuta ukienda kwa nguvu. Kizuizi kimevunjika, na ziwa likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Shahidi huyu asema kweli, lakini hakuulizwa yote. Badiliko lile lilikuwa la kimo cha maji, na sababu yake ilikuwa mlango mmoja wa mto mmoja.

Badiliko la sasa ni la joto. Matope ya chini ya ziwa yaliyochunguzwa yaonyesha kwamba maji ya juu yamekuwa na joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyopita. Maji ya moto ni mepesi. Huyafunika ya baridi kama kifuniko cha chungu. Rutuba iliyo chini haipandi, mimea midogo ya majini hupungua, na dagaa na migebuka hukosa chakula. Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kuwa mavuno ya samaki yamepungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu hiyo. Wavuvi wengi wana sehemu yao ya lawama. Hata hivyo, mabaki ya samaki katika matope yaonyesha kuwa upungufu ulitangulia uvuvi mkubwa wa biashara.

Tabora nayo haiwezi kunawa mikono. Miombo hukatwa kwa kukaushia tumbaku, na bandu bandu huisha gogo. Lakini moshi wa mabani hayo ni mdogo mno ukilinganishwa na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa Ulaya na Marekani tangu siku za Tyndall.

Zamani watawala wa Ugogo walitoza hongo kila msafara uliopita katika nchi yao na kunywa maji yao. Neno hilo halikuwa na maana ya rushwa. Lilikuwa jina la haki ya mwenye nchi juu ya mpita njia. Hewa ya ukaa hupita juu ya nchi zote wala hailipi hongo kwa yeyote. Anayelipa ni mvuvi wa Ujiji, ambaye hakuwa na mzigo katika msafara huo.