Kabla Uniite "Chief" Tena, Sikiza Hii Stori

Jana asubuhi nimeitwa "chief" mara tatu hapa Daraja Mbili, Kisii, na hata chai nilikuwa sijakunywa. Msee wa boda: "Chief, twende?" Muuza mitumba: "Chief, hiyo jaketi ni yako kabisa." Weita wa kibanda: "Chief, chapo ngapi?" Halafu simu ikalia. Ni magokoro, nyanya yangu, kutoka nyumbani Nyamira. Binamu yangu anataka kitambulisho, na ameenda kwa chifu mara mbili bila kumpata.

Neno ni lilelile. Kwa wale watatu, chief ni mimi, msee aliyeacha chuo, mwenye mia mbili mfukoni. Kwa magokoro, chifu ni mtu mwenye muhuri. Nikajiuliza, hili neno lilifikaje kwetu?

Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, "caput", yaani kichwa. Ndiyo maana "chef" wa hoteli na chifu wa lokesheni ni neno moja, liliingia tu Kiingereza mara mbili. Hata ndani ya "handkerchief" kuna kichwa, maana "kerchief" ilikuwa kitambaa cha kufunika kichwa. Kwa Chief Justice maana yake ni mkuu. Kwa mtaa maana yake ni "mteja, tafadhali nunua." Sisi Wagusii hatushangai neno likigeuka. Kwetu "baba" ni mama.

Lakini hapa ndipo watu wengi hukosea. Tunadhani chifu ni mila yetu ya zamani, ati Wagusii wamekuwa na machifu tangu enzi. Hapana. Kabla ya wazungu, koo nyingi za Gusii hazikuwa na mtawala mmoja. Ukiwa na kesi ya shamba au ng'ombe, wazee, yaani abagaka, wanakaa chini wanaisikiza. Ikikataa kuisha, watu wanakula kiapo, emuma. Kitutu ndio walikuwa na kitu kinachokaribia ufalme, ukoo uliotoa omogambi, na jina la Bogonko bado linatajwa. Wengine waliheshimu mzee kwa busara yake, shujaa kwa vita vyake na tajiri kwa ng'ombe wake. Hakuna aliyepewa barua ya kazi.

Sasa sikiza. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuweka wakuu wa vijiji. Walitaka mtu wa kukusanya kodi ya nyumba, kuchunga barabara na kuleta watu wa kazi. Huku Gusii walifika na jeshi mwaka 1905, na 1907 wakafungua kituo chao pale ambapo leo ni mji wa Kisii. Wagusii hawakunyamaza. Januari 1908, Otenyo, akisukumwa na maneno ya nabii Moraa, alimchoma kwa mkuki afisa wa kituo, G.A.S. Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ilichomewa nyumba, ng'ombe wakabebwa, watu wakauawa. Kuhusu Otenyo, wazee hadi leo husema alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza.

Fikiria hapo kidogo. Kichwa cha Otenyo wanasema kilienda, na sisi tukaletewa "chief", neno ambalo maana yake ni kichwa. Ila hiki kichwa kipya hakikuota kwenye mwili wetu. Kilichaguliwa na serikali na kikajibu kwa serikali.

Sheria ya 1912 na ile ya 1937 zilimwongezea chifu nguvu: kukataza pombe, kuamuru watu wafanye kazi, kukuita na lazima uende. Uhuru ulikuja 1963 na zile nguvu zikabaki. Ni mwaka 1997 ndipo Bunge lilipunguza makali na hata kutoa neno "mamlaka" kwenye jina la ile sheria.

Nisiwaonee machifu wote. Musa Nyandusi wa Nyaribari, baba yake Simeon Nyachae, alikuwa kati ya Wagusii wa kwanza kupanda kahawa, na kahawa imesomesha watoto wengi wa huku. Kiti kilikuwa cha mkoloni, lakini aliyekikalia angeweza kukitumia vizuri ama vibaya.

Kwa nini najali hivi? Kwa sababu ya fomu moja. Nikiwa chuo nilihitaji basari, na fomu ilitaka sahihi ya chifu. Nilienda siku tatu. Siku ya kwanza ameenda mkutano, ya pili kuna matanga, ya tatu ofisi ina kufuli. Nilisimama nje nimeshika kofia mkononi kama mtu anayesubiri mfalme, nikaogopa hata kuuliza mlinzi atarudi saa ngapi. Sikuuliza naibu wake, sikupiga simu kokote. Tarehe ikapita. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya muhuri peke yake, lakini karo ya muhula huo haikulipwa, na sikurudi.

Kitu ambacho sikujua siku hiyo ni hiki: chifu ni kazi. Nafasi hutangazwa, watu wanaomba, wanahojiwa, na anayechukuliwa analipwa mshahara wa serikali. Heshima mpe, msalimie "bwakire" vizuri kama mzee mwingine yeyote. Lakini sahihi yake kwa fomu yako si zawadi. Ni kazi yake.

Nimemwambia binamu arudi kesho. Asipompata, amtafute naibu wa chifu. Asipompata huyo pia, aende kwa ofisi ya DO na aulize bila kutetemeka. Magokoro amecheka, akasema wakati wao ungeongea hivyo ungelala ndani.

Kwenu mnamwitaje chifu? Na ulizungushwa mara ngapi kabla upate muhuri? Niambie.