Nesi wa zahanati ni wa nani?

Siasa zikipamba moto hapa Takaungu, swali ni lile lile: mbona jengo la zahanati lipo na manesi hawatoshi? Wa kaunti atasema ni Nairobi, wa Nairobi atasema ni kaunti.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya 2013, wizara ndiyo iliyoajiri na kuwapeleka mashinani. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi hiyo. Ndiyo maana manesi walipogoma miezi 5 mwaka 2017, waliobanwa ni magavana.

Madaktari wanagenzi ni habari nyingine: hao bado hupangiwa vituo na wizara, na mgomo wa siku 56 wa 2024 uliwahusu sana.

Kwa hivyo ukiskia "si sisi", muulize: ni daktari mwanagenzi au ni nesi? Kama ni nesi, fungua bajeti ya kaunti, ukurasa wa mishahara.