Kiti Kisicho na Kura: Jonah Kūhiō Kalanianaʻole na Sheria ya Makazi ya Wahawaii ya Mwaka 1921

Utangulizi

Kazi ya mbunge hupimwa kwa kawaida kwa kura alizopiga na sheria alizopitisha. Kipimo hiki hakimfai mjumbe wa eneo, yaani mwakilishi wa nchi iliyo chini ya mamlaka ya Marekani bila kuwa jimbo lake. Tangu mwaka 1794, wajumbe wa namna hiyo wameketi katika Baraza la Wawakilishi, wakawasilisha miswada na kuchangia mijadala. Hata hivyo, hawapigi kura muswada unapopitishwa, na katika Seneti hawana kiti kabisa. Insha hii inachunguza rekodi ya Jonah Kūhiō Kalanianaʻole, mjumbe wa Hawaii kuanzia mwaka 1903 hadi 1922. Hoja yake ni kwamba kila sheria iliyopatikana kwa juhudi za mjumbe asiye na kura haina budi kusomwa pamoja na bei iliyolipwa ili ipite.

Njia ya Kuelekea Washington

Kūhiō alizaliwa mwaka 1871 katika kisiwa cha Kauai, katika ukoo wa kifalme. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa Januari 1893, na mwaka 1895 alifungwa kwa kushiriki uasi uliokusudia kumrejesha Malkia Liliʻuokalani katika kiti chake. Marekani ilivitwaa visiwa hivyo mwaka 1898, na sheria ya mwaka 1900 ikavipa hadhi ya eneo lenye mjumbe mmoja bungeni.

Katika uchaguzi wa mwaka 1902, Kūhiō aligombea kwa tiketi ya chama cha Republican na kumshinda Robert Wilcox, mjumbe wa kwanza wa Hawaii, ambaye chama chake kilidai Wahawaii wajitawale. Uamuzi huo ulimweka Kūhiō upande mmoja na wenye mashamba makubwa ya miwa, ambao walikuwa nguzo ya chama hicho visiwani. Wao walihitaji jina lililopendwa na wapigakura wa Kihawaii. Yeye alihitaji chama chenye sauti Washington. Ushirika huo ulimpatia ushindi katika chaguzi 10 mfululizo, lakini pia ulimwekea mipaka ambayo ingeonekana baadaye katika suala la ardhi.

Miswada Isiyokuwa na Mpinzani Mkubwa

Sehemu ya rekodi yake ilikwenda sambamba na matakwa ya wenye kura. Mwaka 1908, Bunge liliidhinisha ujenzi wa kituo cha wanamaji katika Pearl Harbor, jambo lililoungwa mkono na jeshi na wafanyabiashara vilevile. Mwaka 1916 ilipitishwa sheria ya hifadhi ya taifa iliyojumuisha milima ya volkano ya Kīlauea, Mauna Loa na Haleakalā. Kwa upande mwingine, muswada aliouwasilisha mwaka 1919 wa kuifanya Hawaii kuwa jimbo haukufika popote. Hadhi hiyo ilipatikana mwaka 1959, miaka 37 baada ya kifo chake. Mifano hii inaonesha kwamba mjumbe alifanikiwa pale ambapo lengo lake lilikutana na maslahi ya wengine. Swali gumu ni nini kilitokea maslahi hayo yalipogongana.

Sheria ya Makazi na Bei Yake

Mgongano huo ulijitokeza katika suala la ardhi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1900, Wahawaii wa asili, pamoja na machotara, walikuwa chini ya 40,000 kati ya wakazi wapatao 154,000, na wengi wao hawakuwa na ardhi. Wakati huohuo, mikataba ya kampuni za sukari katika ardhi ya serikali ilikuwa inakaribia kumalizika. Tangu mwaka 1910, sheria iliwaruhusu watu 25 au zaidi kuomba ardhi ya serikali igawiwe walowezi wadogo. Kwa hiyo, kampuni zilikuwa na sababu ya kuhofu.

Kūhiō alipendekeza ardhi itengwe kwa ajili ya kuwarejesha Wahawaii katika kilimo. Muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1920 lakini haukukamilika katika Seneti. Uliporudi na kusainiwa na Rais Harding tarehe 9 Julai 1921, ulikuwa umebadilika. Ekari takriban 200,000 zilitengwa, na kila mnufaika angepata mkataba wa miaka 99 kwa kodi ya dola 1 kwa mwaka. Hata hivyo, mashamba ya miwa yaliondolewa katika mgao, na ardhi kubwa iliyobaki ilikuwa kavu au ya mawe. Mpango ulianza kama jaribio la miaka 5, hasa katika kisiwa cha Molokaʻi. Kūhiō alikuwa amependekeza nasaba ya sehemu 1 kati ya 32 itoshe kumfanya mtu astahili. Sheria ilidai nusu nzima.

Vilevile, sheria hiyohiyo ilifuta kikomo cha ekari 1,000 kilichokuwa kimewekewa kampuni katika umiliki wa ardhi, na ikayakinga mashamba yaliyostawi dhidi ya maombi ya walowezi. Kwa maneno mengine, hati moja iliwapa Wahawaii makazi na kuwapa wenye mashamba usalama wa miliki zao.

Hitimisho

Kūhiō alifariki tarehe 7 Januari 1922 akiwa bado mjumbe, kabla ya kuona mavuno ya walowezi wa kwanza wa Molokaʻi. Kumwita shujaa aliyeokoa ardhi ya watu wake ni kusahau masharti yaliyoambatana na sheria hiyo. Kumwita kibaraka wa kampuni za sukari ni kusahau kwamba hakuna mwingine aliyeweza kulifanya Bunge la Marekani likubali, kwa sheria, kwamba Wahawaii wana dai la pekee juu ya ardhi hiyo. Sheria ya mwaka 1921 inapaswa kusomwa kama mapatano kati ya pande zisizolingana nguvu. Msharti wa nusu ya nasaba, ambao haukuwa pendekezo lake, umeendelea kuwagawa wazao wanaostahili na wasiostahili. Kwa hiyo, mtafiti anayehesabu tu miswada iliyopita ataandika ushindi mmoja. Anayelinganisha muswada wa awali na sheria iliyosainiwa ataona pia ni nani aliyeulipia.