Miaka 2, Saa 6: Sarufi ya Muda katika Kompyuta

Programu za awali zilizotungwa kwa Kiingereza ziliandika muda kwa njia nyepesi: tarakimu, kisha jina la kipimo, na herufi "s" mwishoni pindi idadi inapozidi moja. Kiswahili hakikuingia katika kalibu hiyo. Jina hutangulia tarakimu, na wingi hukaa mwanzoni mwa neno: mwaka 1, miaka 2. "Siku" haibadiliki, lakini kitenzi chake hubadilika: siku 1 iliyopita, siku 3 zilizopita. Programu haina budi kuhifadhi kirai kizima kwa kila kipimo.

Ndivyo ifanyavyo hazina ya CLDR, iliyo chini ya shirika la Unicode tangu 2004. Kiswahili cha Kongo kiliwahi kuwa na faili lake humo, kwa msimbo swc, lenye majina kama "mwezi ya pili"; baadaye kiliwekwa chini ya Kiswahili cha jumla, kwa msimbo sw_CD.

Tarakimu zilisitiri mengi. "Miaka 2" husomwa "miaka miwili" Unguja; Kibua, kati ya Masisi na Walikale, aghalabu ni "miaka mbili", na maandishi hayamsuti msomaji yeyote. Kwenye "saa" sitara hiyo haipo. "Masaa", neno ambalo wasanifishaji hulikemea, hutenga muda na wakati, nalo ni la kila siku mashariki mwa Kongo. Hazina hiyo huandika "baada ya saa 6". Mgonjwa akisoma hivyo juu ya kidonge chake, aweza kungoja adhuhuri.