Hesabu ya Abjadi Pwani ya Tanga

Katika Mabawa na mitaa mingine ya Tanga ambako watoto walianzia kusoma chuoni kabla ya skuli, wenye elimu walifahamu kwamba kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, ye ni 10, kafu ni 20, hata kuishia ghaini, iliyo 1,000. Aliyetaka kujua burji ya mtu, yaani nyota yake, alijumlisha jina lake na la mamaye, kisha akatoa kumi na mbili kumi na mbili. Ali, kwa aini 70, lamu 30 na ye 10, ni 110. Fatma ni 135. Jumla 245, na zikitoka 240 husalia 5, nayo ni Asadi, burji ya tano.

Mimi siamini kwamba kudura ya Mola hufungwa na masalio ya hesabu, na maulamaa wengi waliikataza ramli hiyo. Lakini naistahi mno akili iliyojumlisha yote haya pasipo karatasi. Kwa kanuni iyo hiyo Bismillahi kamili huwa 786, na washairi wa Uarabuni na Uajemi walificha mwaka wa msiba au wa kujengwa msikiti ndani ya maneno ya ubeti.